Uliza kinachotokea baada ya usiku mbaya: jinsi ya kumpima mwajiri wa huduma za afya ya akili

Nina miaka 11 katika uuguzi wa afya ya akili, na nimefanya kazi kwa waajiri wawili. Mishahara haikupishana sana. Wodi zilifanana, wagonjwa walikuja na shida zilezile. Kwa yule wa kwanza niliondoka nikiwa silali usiku hata nikiwa likizo. Kwa huyu wa sasa naingia mwaka wa saba.

Kwa wote wawili nimepitia usiku wa namna moja: mgonjwa niliyemzoea akajaribu kujitoa uhai katika zamu yangu, tukamwahi. Kwa mwajiri wa kwanza, asubuhi yake swali pekee nililoulizwa lilikuwa kama fomu ya tukio imejazwa. Usiku huohuo nikarudi zamu, kwenye chumba kilekile. Huyu wa pili, mkuu wa wodi alifika saa 12 alfajiri kabla ya muda wake, akavuta kiti, akaniambia nimweleze kuanzia nilipoona mlango umefungwa. Hakuandika chochote. Akanipa mapumziko ya siku mbili, na ndani ya wiki ile timu yote, pamoja na mhudumu wa usafi aliyesikia kelele, tukakaa na mwanasaikolojia wa nje.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, zamu yako ya kuuliza ikifika, anza na hili: "Mara ya mwisho lilipotokea tukio baya hapa, wafanyakazi waliohusika walifanyiwa nini siku iliyofuata?" Kisha nyamaza. Ukijibiwa kwamba "tuna utaratibu wetu", omba mfano. Mahali wanapowajali watu wao, mfano hautafutwi: watakuambia nani alikuja, nani alishika zamu, kikao kilifanyika lini. Wakianza kutazamana, umeshajibiwa.

Swali la pili ni la usimamizi wa kitaaluma. Sisemi mkuu wa kazi anayekagua mahudhurio. Nasema mtu mwenye uzoefu unayekaa naye faragha, mnazungumza kuhusu wagonjwa wako na kinachokupata unapowahudumia. Uliza ni nani, ni mara ngapi, na kama muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi. Kwangu mimi, chini ya saa moja kwa mwezi haitoshi. Na uulize kama ndiye huyohuyo anayekupandisha cheo, maana hakuna anayemweleza mpandishaji cheo kwamba jana alimwogopa mgonjwa.

Kisha omba kutembezwa wodini. Ikiwezekana uwe pale wakati wa kukabidhiana zamu, bila kusikilizishwa siri za wagonjwa, usikie tu namna watu wanavyozungumza. Hapa ndipo ninapokuomba utulie. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu uliowamaliza watu waliokuwa wakijitolea kwenye kliniki za bure Marekani, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi la maana. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Liliiita jambo la kazini, linalotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Ile dalili ya pili mimi huisikia masikioni kabla sijaiona usoni. "Kitanda cha nne, kero kama kawaida." Hiyo ni taarifa ya wodi iliyochoka. Wodi iliyo hai husema: "Alikula nusu sahani, hakulala mpaka saa tisa usiku, alimwulizia mdogo wake mara mbili. Nadhani anasubiri simu." Mgonjwa ni mmoja, lakini taarifa ya pili inampa muuguzi anayeingia mahali pa kuanzia.

Angalia pia wauguzi wako wapi. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha utafiti wake katika hospitali moja ya London, akaonyesha jinsi kazi ilivyokatwakatwa vipande ili muuguzi asimkaribie mgonjwa mmoja sana, na kwamba kinga hiyo haikuwaondolea hofu. Ile ilikuwa hospitali ya kawaida, lakini nimeyaona hayohayo kwetu: wauguzi wanne nyuma ya kioo wakijaza faili, mgonjwa anagonga kioo kuomba maji. Usiwahukumu haraka. Uliza wanajaza fomu ngapi kwa zamu.

Mengine nayataja kwa kifupi. Jua usiku mnakuwa wangapi, na kengele ya dharura ikilia anakuja nani. Mafunzo ya kumtuliza mtu aliyepandwa na hasira yafanyike kwa vitendo, mkisimama na kupeana nafasi, si kwa kutazama video. Kama utakuwa unawatembelea wagonjwa majumbani, lazima mtu ajue uko wapi na usipopiga simu kwa saa iliyopangwa afanye nini.

Ukishaanza kazi, jiwekee alama zako mapema, ukiwa bado na nguvu. Mimi nina tatu nilizoziandika nyuma ya daftari: nikianza kumwita mgonjwa kwa namba ya kitanda, nikifurahi mgonjwa fulani akihamishwa, nikikaa nje ya geti dakika kumi kabla ya kuingia. Moja ikitokea, naipeleka kwenye kikao changu. Mbili zikikaa mwezi mzima, naomba kubadilishiwa wodi au likizo. Kwa mwajiri wa kwanza zote tatu zilikuwepo kwa mwaka mzima, nikadhani mimi ndiye dhaifu. Niliomba kuhamishwa mara mbili kwa maandishi, sikujibiwa.

Ikibidi uondoke, ondoka, lakini usitoweke. Wengi tunaowahudumia wameshaachwa na watu ambao hawakuwaaga. Waambie mapema, wiki mbili kama mkataba unaruhusu, na uwatajie jina la atakayeshika nafasi yako. Mgonjwa mmoja mzee, aliyekuwa hasemi nami zaidi ya salamu, nilipomwambia alikaa kimya hadi chai ikapoa. Kisha akauliza kama huyo anayekuja anajua kwamba yeye dawa humezea maji ya uvuguvugu. Nikamwambia nitaandika. Akanitaka niandike palepale, akiona.