Somo: Shingo ya mtikiti isilale na maji masika haya

Wanachama wenzangu, salamu kutoka shambani, bondeni mwa Mto Sabaki. Mwaka jana mwezi wa Mei nilipoteza mtikiti uliokuwa na tunda moja tu, tunda ambalo ukilikumbatia vidole havikutani. Jioni majani yalikuwa wima. Asubuhi nikayakuta yamelala yote. Nilipofukua shina, pale linapoingia ardhini palikuwa pamelainika kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Nilikaa chini ya mnazi muda mrefu siku ile, sikuweza kushika jembe. Ndiyo maana naandika mapema, mvua ya Aprili haijakolea. Mei ndio mwezi wenye maji mengi kuliko yote hapa Malindi, na ikifika bila matayarisho hutakuwa na la kufanya ila kutazama.

Sisi tunaolea aina za matunda makubwa, kama Carolina Cross, tuna shida ambayo mkulima wa matikiti ya sokoni haijui sana. Mwaka 2013 huko Tennessee, Marekani, lilipimwa tikiti la kilo 159. Tunda la namna hiyo hunyweshwa na shina moja, wiki baada ya wiki, na shina lenyewe hunenepa kwa haraka hata likapasuka. Ufa ule ndimo unamoingilia ukungu, yaani kuvu inayoozesha shina. Kwa hiyo kazi yote ya somo hili ni shubiri moja ya shina: shingo, pale linapotoka udongoni. Pakikaa pakavu, mengine yanatibika.

Hatua ya 1: Mahali na tuta

Usipande mahali palipokuwa na matikiti, matango, maboga au mamung'unye katika miaka miwili au mitatu iliyopita. Hawa wote ni ndugu, na ukungu wa shina hubaki kwenye mabaki yao. Hukaa hata kwenye mbegu, basi usihifadhi mbegu za tunda lililotoka kwenye mche mgonjwa, hata likiwa kubwa namna gani. Najua inauma.

Mchanga mwekundu wa Magarini hupitisha maji upesi. Tuta la sentimita 30 linatosha. Huku kwetu bondeni udongo ni wa tope, nami nainua mpaka nusu mita. Lifanye kama mgongo wa kobe, mche ukae kileleni. Kabla ya kupanda, mwaga ndoo nzima ya maji juu yake. Yakituama karibu na kilele hata kidogo, tuta bado. Kisha chimba mfereji wa kuyatoa yale maji yanayoteremka, maana wengi huinua tuta zuri halafu wakaliacha katikati ya dimbwi.

Hatua ya 2: Panda juujuu

Mche ukae kina kilekile ulichokaa kitaluni, usizike shina. Usiupandishie udongo baadaye kama tunavyofanya kwa mahindi.

Hatua ya 3: Mchanga shingoni

Zungushia shina mchanga mkavu wa mtoni, upana wa futi moja kila upande, unene wa vidole vitatu. Mchanga haushiki maji, na matone ya mvua hayarushi tope shinani. Usichukue wa baharini. Mwaka wangu wa kwanza nilichota ufukweni kwa sababu ni karibu, na chumvi ikaunguza kingo za majani ndani ya wiki mbili. Nyasi za kutandaza ni nzuri kwa sehemu nyingine ya shamba, lakini ziishie mbali na shingo.

Hatua ya 4: Kipaa cha makuti

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu sana. Simika vijiti vinne, funga kuti moja au mawili juu, kimo cha goti au kupita kidogo. Pande ziwe wazi upepo upite. Masika huja na upepo wa kusi, basi upande wa chini wa paa uelekee kusini, mvua ya kusukumwa na upepo igonge mgongo wa kuti. Usifunike mche wote, majani yanataka jua. Funika shingo tu. Watu wengine hutumia nailoni. Mimi siipendi, chini yake hewa hulowa na joto hupanda, na ukungu hautaki zaidi ya hayo.

Hatua ya 5: Hewa na mbolea

Shina likishatambaa mita moja hivi, kata majani machache ya zamani yanayolala juu ya shingo. Kata mchana wa jua, kwa kisu safi, ukiacha kikonyo kifupi kikauke chenyewe. Punguza mbolea ya kukuzia wakati wa mvua, shina lililolishwa kupita kiasi ni laini na hupasuka. Siku isiyo na mvua mwagilia asubuhi, mbali na shina.

Hatua ya 6: Dawa kabla ya ugonjwa

Mankozebu, ambayo ni dawa ya ukungu, na dawa za shaba hukinga, hazifufui kilichooza. Piga siku kavu ili ipate saa kadhaa za kukauka kabla ya mvua, na hakikisha inafika shingoni, si majani tu. Badilisha aina za dawa, kwa sababu ukungu huu umekwisha kuzizoea baadhi katika nchi nyingi. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Vaa glavu na barakoa.

Hatua ya 7: Ukaguzi na upasuaji

Kila asubuhi, hata kama mvua inanyesha, piga magoti uitazame shingo. Tafuta doa lililolowa maji, kisha matone ya gundi ya rangi ya asali. Baadaye doa hugeuka kahawia au kijivu na kutoka vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa.

Ukiliona mapema, ondoa mchanga uliolizunguka. Kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, kwangua sehemu iliyooza taratibu mpaka ufikie nyama ya kijani, ngumu. Pangusa kisu kila baada ya mkwaruzo. Acha kidonda wazi kipigwe na upepo mchana kutwa, kisha paka dawa ya shaba iliyokorogwa na maji kidogo iwe kama uji mzito. Rudisha mchanga mpya, usitumie ule wa zamani. Takataka ulizokwangua zitoe shambani. Kidonda kikikauka kikawa kigumu kama gamba, mche utaishi nacho. Nina mmoja ulioishi na nusu ya shingo tu na ukanivunisha.

Hatua ya 8: Mizizi ya akiba

Shina linapotambaa, funika vifundo viwili vitatu vilivyo mbali na shingo kwa udongo mwepesi. Mtikiti hautoi mizizi kwa wepesi kama mche wa boga, lakini ile itakayoshika huusaidia mche siku shingo ikiugua.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Ganda: Shikamoo mzee. Sina pesa ya dawa. Majivu ya kuni yanafaa?

Marahaba mwanangu. Majivu hukausha juu ya kidonda, nayo ni afadhali kuliko kuacha hivihivi, lakini mvua moja huyaosha. Tia nguvu kwenye tuta, mchanga na kuti. Hayo matatu yamekinga mitikiti mingi zaidi ya dawa hapa kwangu. Usirundike majivu mengi, yataharibu udongo.

Kijana wa Gongoni: Shingo yangu ni kavu, haina gundi, lakini tawi moja hunyauka mchana na kuamka usiku.

Huo huenda ni mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu unaotoka udongoni. Kata shina la tawi hilo kwa mshazari; ukiona mishipa ya ndani ina rangi ya kahawia, ndio wenyewe. Hauna tiba na hukaa ardhini miaka mingi. Msimu ujao hama, au jifunze kupandikiza tikiti juu ya shina la mmung'unye, ambao huustahimili.

Bwana wa Mambrui: Nimeona nyuzi nyeupe kama pamba shingoni, na vipunje kama mbegu za haradali.

Hiyo ni kuvu nyingine, Bwana, nayo hupenda joto pamoja na unyevu. Vile vipunje ndivyo mbegu zake. Ng'oa mche pamoja na udongo wa kiasi cha karai, uutoe shambani ndani ya gunia, usiuburute.

Dada wa Mpeketoni: Robo tatu ya shingo imeoza na tunda bado changa. Niuache?

Dada yangu, kwangua, paka dawa, kisha simamisha kivuli juu ya majani ili yasidai maji mengi mchana. Zungushia uzi kiunoni mwa tunda, utie alama. Likiongezeka baada ya siku nne, endelea kulea. Lisipoongezeka, ng'oa mche huo siku hiyohiyo kabla ukungu haujaufikia mche wa jirani.