Kumpima Mjanja kwenye Mapigano ya Dungeons & Dragons Bila ya Kumpunguzia Dadu

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kukaa na mdogo wangu, anayesimamia mchezo wa Dungeons & Dragons kwenye baraza letu hapa Chake Chake; ni mchezo wa hadithi ambao kila mchezaji ana mhusika wake na dadu ndizo zinazoamua. Mchezaji wake mmoja ana mhusika wa aina ya mjanja (rogue), yule wa kunyemelea na kuvizia, na kila akipiga anamwaga dadu tele mpaka wenzake wanalalamika. Mdogo wangu akataka kuzipunguza. Nikamwambia asiguse kitu kwanza. Mjanja hana nguvu za kupita kiasi. Kinacholeta tabu ni kanuni zilizosomwa nusu na uwanja mtupu.

Nafuata kanuni za toleo la tano, za 2014. Sehemu yake ya msingi inapatikana bure mtandaoni kwa leseni huria tangu 2023, kwa hiyo hakuna sababu ya kucheza kwa kukisia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya raundi nzima

Chukua levo ya 5, yaani daraja la tano la uwezo wa mhusika. Mjanja mwenye upanga mwembamba na nyongeza ya wepesi ya +4 anarusha dadu moja ya pande nane, anajumlisha 4, kisha dadu tatu za pande sita za kuvizia, zile za ziada apatazo akimvizia adui. Wastani wake ni 19. Mpiganaji wa levo hiyohiyo, mwenye upanga mkubwa na nguvu za +4, anapiga mara mbili, kila pigo wastani wa 11: jumla 22. Na mpiganaji akikosa pigo moja bado analo la pili. Mjanja wa silaha moja akikosa, zamu yake imekwenda bure.

Waoneshe wachezaji hesabu hii kabla ya mchezo. Nusu ya malalamiko itaishia hapo.

Hatua ya 2: Hakiki sharti la kuvizia, kila zamu

Hapa ndipo saa zinapopotea, basi soma polepole.

Dadu za kuvizia hazipatikani kwa kuwa mjanja tu. Kwanza silaha iwe ya masafa, kama upinde, au ya wepesi (finesse), kama upanga mwembamba. Shoka kubwa halimo. Kisha lipatikane moja kati ya haya mawili: ama mjanja ana nafuu, yaani anarusha dadu mbili za pande ishirini na kuchukua iliyo kubwa, au adui mwengine wa yule anayepigwa, mbali na mjanja mwenyewe, yuko ndani ya futi 5 zake na ana fahamu zake. Mpiganaji wenu akizimia pembeni ya zimwi, hahesabiwi tena.

Njia ya pili ina sharti lake: mjanja asiwe na kikwazo, yaani asiwe analazimika kuchukua dadu iliyo ndogo. Akipiga mshale huku adui yuko mbele yake ndani ya futi 5, ana kikwazo. Akipiga kwa masafa marefu, vilevile. Nafuu na kikwazo vikikutana vinafutana, akabaki kama hana chochote. Hapo anahitaji mwenzake pembeni ya adui, la sivyo hakuna dadu za ziada.

Halafu kuna "mara moja kwa zamu". Zamu si raundi: raundi ni mzunguko ambao kila mmoja, adui pia, anapata zamu yake. Mjanja akivizia kwenye zamu yake, kisha adui akamkimbia na yeye akampiga kwenye zamu ya adui, anavizia tena kihalali. Usimnyime. Ameipata kwa kusimama karibu na hatari.

Hatua ya 3: Chora uwanja

Karatasi ya miraba, kila mraba futi 5, na kete za bao kwa maadui. Mimi simu siitaki kwenye meza ya mapigano; watu wabishane juu ya kitu wanachokiona wote. Ramani yangu niipendayo nimeichora kwa kuyafikiria magofu ya Mkama Ndume pale Pujini: kuta zilizobomoka, vichaka, giza upande mmoja, na upande mwengine uwazi wenye mienge. Mjanja wa levo ya 2 na kuendelea anaweza kujificha kwa kitendo cha ziada, lakini hawezi kujificha mbele ya anayemuona waziwazi. Akishapiga mshale, ukipata ukikosa, mahali alipo pameshajulikana. Kwa hiyo weka kuta chache, zilizoachana, ili kila mafichio yamgharimu mwendo.

Hatua ya 4: Chagua maadui

Kuanzia levo ya 5 anaweza kupunguza nusu ya madhara ya pigo moja kwa raundi, la mshambuliaji anayemuona. Zimwi moja lenye rungu zito halimsumbui sana. Wanne wadogo wenye mikuki wanamsumbua, maana atapunguza la mmoja tu. Kuanzia levo ya 7 mipira ya moto haimtishi, maana hiyo hukwepwa kwa wepesi. Tumia uchawi unaojaribu moyo au mwili badala ya wepesi. Lakini usifanye hivyo kila pambano, mwache siku nyengine aruke motoni atoke mzima, ndiyo raha yake.

Ukishamaliza yote haya na bado anawaacha wenzake mbali, tizama silaha ya kichawi uliyompa. Mpe mpiganaji ya kwake.