Somo: Paipu ya breki ya kudumu kwa pikapu za Kigoma

Paipu ya chuma huanza kuoza pasipofikiwa na macho: chini ya klipu, juu ya ekseli ya nyuma, ambako tope jekundu la masika hujaa na kubaki na unyevu. Fungua klipu zote, sugua kwa brashi ya waya. Ukikuta vishimo, usiunge kipande; badilisha paipu nzima, kiungo hadi kiungo.

Pikapu nyingi za Kijapani hutumia paipu ya milimita 4.75 kwa nje, ukuta kama 0.7. Chuma ni imara ila kitaoza tena. Kopa (shaba) tupu hukunjika vizuri, lakini mtikisiko huikakamaza hadi ipasuke karibu na nati. Nunua kopa yenye nikeli, karibu asilimia 10. Haishiki kutu na inakunjwa kwa mkono. Bei iko juu, lipa.

1. Pima kwa waya laini uliofuata njia ya paipu ya zamani, ongeza sentimita 5.

2. Kata kwa kikata-paipu. Msumeno huacha chembe zinazokwaruza raba za silinda. Kwangua ukingo wa ndani, puliza.

3. Ingiza nati kwanza, ndipo utengeneze mdomo, yaani ncha ya paipu iliyopanuliwa ili ibanwe na nati. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gari la Kijapani linataka mdomo uliokunjwa mara mbili, pembe ya digrii 45. Mengi ya Ulaya yana mdomo wa mviringo. Ukichanganya, utakaza hadi uzi wa nati ufe na bado itavuja. Geuza mdomo kwenye mwanga: ukiona ufa mwembamba kama unywele, kata uanze upya.

4. Anza nati kwa vidole. Klipu zenye raba kila sentimita 30, mbali na ekzosi.

5. Jaza mafuta ya breki mapya ya DOT 3, toa upepo, kisha mtu akanyage pedali kwa nguvu dakika moja huku wewe ukifuta kila kiungo kwa karatasi kavu.

Maswali

*Ujiji:* Fundi, paipu ya friji ni rahisi zaidi. Inafaa?

Hapana. Ukikanyaga kwa nguvu, presha hupita bar 100. Paipu ya friji haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

*Uvinza:* Shikamoo fundi. Nabeba chumvi. Napaka grisi lakini paipu zinaoza tu.

Marahaba. Grisi inanasa vumbi na chumvi. Osha chini ya gari kwa maji baridi kila baada ya kushusha mzigo, na weka kopa yenye nikeli. Nati zake bado ni za chuma, kwa hiyo zikague kila unapofanya sevisi.