Jinsi ya kumpigania mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuhama nchi

Mbinu hizi tumezirithi kwa waliowapigania Wayahudi wa Umoja wa Kisovieti. Kule, kuomba viza ya kwenda Israeli kulitosha kukupotezea kazi, kisha ukakataliwa kwa madai kwamba unajua siri za serikali. Waliokataliwa waliitwa otkazniki. Kikundi chetu cha watu saba bado kinazitumia kwa wanaozuiwa kwingineko.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja. Mwaka 1971 wanawake wa London walivaa nguo nyeusi wakaandamana kwa ajili ya Raiza Palatnik, mkutubi wa Odessa aliyekamatwa akiwa na miaka 35. Wakajiita "35".

Hatua ya 2: Pata idhini yake. Pitia kwa ndugu anayeaminika. Yupo ambaye kelele zinamkinga, na yupo ambaye zinamponza. Idhini isipopatikana, nyamaza.

Hatua ya 3: Andika barua ya rejista. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Msalimu, mwulizie watoto, mweleze mvua ya kwenu. Siasa iache, maana mkaguzi ataisoma kabla yake. Na ni vizuri aisome: ajue mtu huyu ana watu wanaomuulizia. Lipia hati ya mapokezi, ile anayotia saini mpokeaji kisha ikarudi kwako. Isiporudi, peleka malalamiko posta kwa maandishi. Kila barua iingie daftarini: tarehe, namba, jibu. Barua zetu sita za kwanza zilipotea. Ya saba ilijibiwa kwa mistari minne, nikalia.

Hatua ya 4: Mpelekee mbunge daftari hilo. Mwaka 1972 Moscow iliwatoza wasomi waliotaka kuhama gharama za elimu yao. Wananchi wa Marekani waliwasumbua wawakilishi wao mpaka Bunge, mwishoni mwa 1974, likafunga nafuu za biashara kwa nchi zinazozuia watu kuhama. Sheria hiyo inaitwa Jackson-Vanik.

Hatua ya 5: Ingieni barabarani, hata mkiwa wachache. Wanafunzi wa New York walianza mwaka 1964. Desemba 6, 1987, mkesha wa Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, kuwasili Washington, mji huo ulijaa waandamanaji wapatao 250,000.

Hatua ya 6: Akivuka mpaka, usifunge daftari. Anatoly Sharansky, mmoja wa otkazniki, aliyekamatwa mwaka 1977, alivuka daraja la Glienicke kuingia Berlin Magharibi Februari 1986. Mama yake na familia ya ndugu yake walisubiri hadi Agosti. Fungua ukurasa mpya, uandike majina ya waliobaki.