Kuandaa pikipiki ya mbio kwa mita 402 (robo maili)
Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huipunguzia injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Kwa hiyo, kabla ya kununua ekzosi ya gharama, anza na sproketi, yaani magurudumu yenye meno yanayobeba mnyororo. Ukiondoa sproketi ya mbele yenye meno 16 na kufunga yenye meno 15, msukumo kwenye tairi la nyuma huongezeka kwa karibu asilimia 7, ingawa kasi ya juu hupungua na, katika pikipiki nyingi, spidomita huanza kudanganya. Kisha shusha kidogo shokapu za mbele ili tairi la mbele lisinyanyuke unapoachia klachi, ukihakikisha kwamba haligusi rejeta (kipoza injini) breki zinapobanwa. Jaribu mahali palipofungwa tu, kamwe si barabara ya Moshi.