SOMO: Jaribu app yako kwa karatasi kabla ya koding

Wakuu habari za jioni. Leo nagawa kitu kilichonila miezi mitatu. Nilitengeneza app ya stoku kwa wenye maduka Kariakoo, koding usiku na mchana, napeleka, mzee wa kwanza kaishika kaangalia batani ya "Wasilisha" akaniuliza kijana, sasa hapa nabonyeza wapi kutuma? Neno moja tu! Ningelijua mapema kwa karatasi na peni.

Kwanza chagua kazi moja, mfano kuingiza mzigo mpya. Sio app nzima.

Pili, chora kila skrini kwenye karatasi yake, saizi ya simu. Usipake rangi wala usinyooshe na rula, mtu akiona kitu kimepambwa anaona aibu kukosoa, kikiwa rafu anakwambia ukweli. Jeff Hawkins aliyebuni Pilot ya kampuni ya Palm, kompyuta ndogo ya mfukoni iliyotoka 1996, alianza na kipande cha mbao, anatembea nacho mfukoni, akitaka kuangalia ratiba anakitoa anajifanya kinafanya kazi.

Tatu ndo yenyewe. Mfuate mtumiaji dukani kwake, wateja wakiingia na kutoka, mwambie "mzee umepokea katoni kumi za sabuni, ziingize." Anagusa kwa kidole, wewe unabadilisha karatasi kama ndo simu. Halafu NYAMAZA. Hapa wengi tunafeli, mtu kakwama kidogo tu ushamwambia bonyeza pale, na ukishasema umeua jaribio maana siku akiwa nayo peke yake wewe hutakuwepo. Akikuuliza mrudishie, "wewe ulitegemea iwe wapi?", andika alipokwama.

Rekebisha, rudia kwa mwingine. Ikitulia ndo uhamie Figma, ile programu ya kuchorea skrini za app kwenye kompyuta.

MASWALI

Mkuu, watu wangapi wanatosha?
– Watano kwa raundi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribu programu na watumiaji, alishaeleza mwaka 2000 kwamba bora raundi tatu za watu watano kuliko moja ya kumi na tano, maana katikati unarekebisha. Ila wasiwe washkaji zako wa chuo.

Wateja wangu wana viswaswadu kaka, hii inawafaa?
– Inafaa sana dada. Kila menyu ya namba iandike kwenye karatasi yake, asome, akutajie namba, umpe inayofuata. Tayari wamezoea *150*00# ya M-Pesa, kwa hiyo fuata mpangilio huohuo, usiwabunie mpya.

Bosi akiona ya Figma anadhani app imeisha, nafanyaje?
– Imenikuta. Siku hizi bosi naenda naye dukani, anashika yeye zile karatasi, mzee akikwama anaona kwa macho yake, hata kuongeza muda haniulizi tena.