Kuchagua Zana ya Kukarabati Hifadhidata ya Exchange Iliyoharibika

Hifadhidata ya Exchange Server, programu ya Microsoft ya seva ya barua pepe, inapokataa kufunguka, nakili kwanza faili ya .edb (hifadhidata yenyewe) pamoja na faili zote za logi (kumbukumbu za mabadiliko yanayoingizwa humo) kwenye diski nyingine, kwa kuwa baadhi ya zana huandika juu ya faili ileile zinayoikarabati. Usifute logi hata moja kwa sababu ya uhaba wa nafasi.

Zana ya kwanza tayari unayo: eseutil, inayokuja pamoja na Exchange. Amri ya eseutil /mh husoma kichwa cha hifadhidata bila kubadilisha chochote, kisha huonyesha hali yake. Maneno "Dirty Shutdown" huwatisha wengi, lakini hayamaanishi lazima kwamba faili imeharibika. Yanamaanisha kuwa hifadhidata haikufungwa ipasavyo, na huenda ipo miamala iliyomo kwenye logi ambayo haijaingizwa. Mstari wa "Log Required" hutaja logi zinazohitajika, na eseutil /ml huthibitisha kama ni nzima. Zikiwapo zote, eseutil /r hukamilisha kazi bila kupoteza barua.

Logi zikikosekana, rejea nakala rudufu. Ikiwa nayo haipo, ndipo uifikirie eseutil /p, ambayo mimi huiweka mwisho kabisa: huondoa kurasa (vipande vinavyounda hifadhidata) inazoshindwa kuzirekebisha, na barua zilizokuwamo hupotea nazo. Hata ikifanikiwa, hamishia visanduku vyote vya barua kwenye hifadhidata mpya. Amri ya New-MailboxRepairRequest, iliyoanza na Exchange 2010 SP1, ni ya hifadhidata ambayo imekwisha kufunguka, kwa hiyo haitakusaidia hapa.

Programu za kulipia zina faida moja kubwa: nyingi husoma .edb bila kutegemea seva inayofanya kazi, na kutoa visanduku kama faili za PST, ambazo hufunguliwa kwa Outlook. Hakikisha programu inataja toleo lako mahususi la Exchange, kwani ukubwa wa kurasa ulibadilika kutoka KB 8 katika Exchange 2007 hadi KB 32 katika Exchange 2010. Jaribu toleo la bure kwa nakala ya faili yako mwenyewe iliyoharibika, si kwa mfano wa muuzaji. Fungua viambatisho, kalenda na barua za zamani za watumiaji kadhaa kabla ya kulipa. Muuzaji akikutaka umpelekee faili nzima kwa intaneti, kataa, kwa maana ndani yake mna siri za watu waliokuamini.